Baada Ya

Stima ilirudi Lamu saa tisa usiku,
na seva ya hospitali ikaamka kama nyumba ya watoto wengi:
kila mmoja mbio, hakuna aliyetazama nyuma.
Hifadhidata ikabisha hodi kwenye diski
isiyopachikwa bado.
Ikaanguka. Ikainuka. Mara tano, kisha kimya.

"Yeo tena?" akauliza Mwanajabu wa duka la dawa,
daftari la karatasi keshalifungua.

Aliyenitangulia kazini aliandika: *lala sekunde thelathini*.
Hiyo si subira, ni bahati nasibu.
Diski kuukuu ile huchukua arubaini na moja.

Nikafuta. Nikaandika *baada ya*.
Chini yake, *yahitaji*,
maana hayo ni mawili, hayarithiani:
waweza kumfuata mtu usimhitaji,
waweza kumhitaji ukafika kabla yake,
ukasimama kizani ukiita jina.

Mimi nilizaliwa baada ya Shekuwe.
Mstari wetu ulikuwa huo tu.
Alipohamia Mombasa sikuanguka,
nikasema basi, hapakuwa na sharti.
Mwezi wa tatu nikajikuta Langoni, usiku,
najaribu namba yake, mara tano, kisha kimya.

Diski kwanza. Ikasema: tayari.
Saa ikajirekebisha, ikaacha kudhani ni mwaka wa sabini.
Ndipo hifadhidata ikaingia, bila kishindo,
na kwenye kioo cha Mwanajabu pakatokea
dawa ya kifua, chupa moja, mtoto wa Mkomani.

Daftari hakulifunga.
Akatia kalamu katikati, akalisogeza kando kidogo.