Ndani ya Kumi na Nane

Macho ya baba yalizimika taratibu:
kwanza namba za migongoni,
halafu mpira wenyewe,
halafu mimi.

Tukitoka Bombo, mkono wake begani kwangu,
hakuuliza dawa, hakuuliza tarehe ya kurudi.
"Perpetua," akasema,
"Jumamosi African wanacheza na nani?"

Basi nikawa mtangazaji.
Mimi niliyekuwa nikienda Mkwakwani kufuata kashata
nikajifunza kuotea, kona, mpira wa kurusha,
nikajifunza kusema upesi bila kumeza neno:
kushoto, baba, yule kijana wa Pangani,
kampita mmoja, kampita wa pili, ah, kaanguka.
"Kaanguka au kaangushwa?"
Sijui.
"Mwanangu, mechi yenyewe ndiyo hiyo."

Upande wake wa pili hukaa Mzee Mwinjuma,
Coastal wa damu, jirani yetu barabara ya kumi na mbili.
"Padri wenu kawapa ruhusa ya kufungwa leo?"
"Katupa kitubio. Ndiyo maana tumekaa na wewe."
Hucheka mpaka meno ya bandia yanataka kuhama.
Mama alipolazwa, bili ililipwa kabla hatujaamka.
Tulipomuuliza, Mwinjuma alitazama kando:
"Lile deni la mechi ya mwaka jana."
Mwaka jana tuliofungwa ni sisi.

Siku ya watani mvua ya vuli ilitupiga bila huruma.
Mbili bila, dakika ya themanini na nane,
na la tatu likaingia polepole, kwa aibu,
katikati ya miguu ya kipa wetu.
Nikasema, limegonga mwamba, baba.
Jukwaa la pili likalipuka.

Akanyamaza.
Maji yalimtiririka kwenye kope, hakuyafuta.
"Macho nimekupa wewe," akasema.
"Usinichongee ya kioo.
Ningependa timu kwa kushinda kwake
ningekwisha hama zamani.
Na Mungu je? Miaka mitatu namwomba nuru,
hajanifungia hata bao la kufutia machozi.
Mbona Jumapili nakwenda?"

Sikuwa na jibu.
Mzee Mwinjuma naye, na bao lake la tatu,
hakushangilia.
Alivua koti, akamfunika baba kichwa,
akabaki na fulana, akitetemeka kama kuku.

Kanisani nilikuwa nimeacha kuingia.
Nilimfikisha mlangoni, pale Chumbageni,
nikakaa kwenye ngazi na simu yangu
mpaka watu watoke.
Jumapili ile hakuniachia bega.
"Nani atanitangazia?"

Nikaingia.
Nikamnong'oneza sikioni, chini chini:
maua ni meupe, mawili yamenyauka.
Mama Sesilia kavaa kofia, ukubwa wa ungo.
Padri kapoteza ukurasa, anapekua, anapekua,
kaupata.
Mtoto wa mbele yetu anakutazama wewe, baba, si altare.
"Mpungie."
Akampungia mwenyewe, upande usio wake.
Mtoto akahama, akaenda upande ule.

Foleni ikaanza.
Tukatembea kama tutembeavyo getini Mkwakwani,
hatua fupi, visigino vya watu mbele yetu.
"Tumefika wapi?"
Katikati ya uwanja.
Hatua. Hatua.
"Sasa?"
Ndani ya kumi na nane, baba.
"Mabeki?"
Nikatazama.
Mshumaa, zulia lililochakaa, padri na kikombe.
Hakuna beki.
Hata mmoja.

Akainua uso, akafumbua kinywa,
kama mtu ambaye hajawahi kufungwa.

Nami nyuma yake,
mikono nimeikunja kifuani, sipokei bado:
mchezaji wa akiba,
napasha misuli.