Kabla Mashine Haijaonja Karanga

Mimi ni sentineli. Usiku nalinda ghala la saruji
kule Nyawera, na saa kumi na moja alfajiri
napanda kwa miguu kuelekea Kadutu,
nikipita nyuma ya tanuri la Papa Zihindula
wakati ule mikate inapotoka.
Harufu yake haibishi hodi.
Inaingia kotini, inalala ndani ya kofia,
na nikifika nyumbani Nsimire ananinusa
kama mtu anayesoma barua ya mwingine.
"Leo ilikuwa mingi?"
Michache, namjibu. Nadanganya.

Ana miaka saba. Daktari aliandika orodha
nyuma ya risiti ya dawa:
ngano, mayai, maziwa ya ng'ombe, karanga, soja.
Akasita. Akaongeza ufuta.
Mama yake akauliza, "Na ule uji wa masoso
niliomnywesha ili apate nguvu?"
Daktari akafunika kalamu yake.

"Papa Zihindula, una mkate usio na ngano?"
Alicheka mpaka unga ukamruka nyusini.
"Ndugu yangu, unaniomba mvua isiyolowesha."
Lakini hakunifukuza. Alinionyesha
brashi ya kupakia yai, sinia zenye siagi,
mikono yake miwili, myeupe hadi viwikoni.
"Hata nikikuokea muhogo mtupu," akasema,
"mimi mwenyewe ni ngano."

Nikaenda sokoni. Mama Cibalonza anauza muhogo,
mtama, na ulezi mwekundu kama njia yetu ikinyesha.
Unga wake ni safi, aliapa, nami sikumbishia.
Nilitaka kujua tu: umesagwa wapi?
Akaonyesha kwa mdomo.
Mashine ilikuwa imetoka kusaga karanga za watu,
shingo yake bado inang'aa mafuta.

Kijiko kimoja cha unga wa namna ile
ndicho kilichomziba koo mwaka jana.
Tulishuka naye mlima usiku, matopeni,
nimembeba, kandambili moja imebaki njiani,
mama yake nyuma yangu akihesabu pumzi kwa sauti
kama mtu anayehesabu pesa za kukopa.

Kijana wa mashine anaitwa Birindwa.
Aliniacha nieleze yote, risiti mkononi,
kisha akasema: "Jumamosi, uje kabla ya wote.
Lete mihogo yako, ndoo yako, brashi yako.
Mashine itakuwa haijaonja kitu."

Basi Jumamosi silali.
Nafungua meno ya chuma, nasugua, napuliza,
Birindwa anapiga miayo akinimulikia kwa simu.
Kilo ya kwanza inafagia njia tu;
hiyo ni ya bata wa jirani, nao wamenenepa.
Kilo ya pili ndiyo ya mtoto.

Mkate wa kwanza ulikuwa tofali.
Wa pili, uji wenye ngozi.
Wa tatu sitaki kuuzungumzia.
Mama yake akaponda ndizi mbivu ndani ya muhogo,
akatia mawese kidogo, ulezi kidogo, chachu, chumvi,
akafunika sufuria, akaweka makala juu ya kifuniko,
akakaa mbele yake bila kusema na mtu.

Ukatoka wa kijivu, umepasuka katikati,
umeegemea upande mmoja kama kibanda cha mtelemkoni.
Nsimire alipeleka kipande kwa rafiki yake Ciza.
Ciza akatafuna, akatema: "Hauna utamu!"
Nikainuka. Mama yake akanishika shati.
Nsimire alikuwa anacheka.
"Basi," alisema, "ni wangu peke yangu,"
akala chote, hata makombo ya kiganjani.

Nikimsikia akisali jioni,
akifika pale kwenye mkate zamani alikuwa anaruka,
kama mtu anayevuka dimbwi.
Siku hizi anapita polepole. Siku nyingine bado anaruka.
Sijamuuliza.

Koti langu sasa linalala nje, kwenye msumari.
Natoka kazini, napita nyuma ya tanuri,
Papa Zihindula ananipungia mkono akiwa mbali,
hanisogelei tena, na hiyo ni heshima.
Nafika. Nanawa hadi viwikoni, sabuni mara mbili.
Nsimire amesimama mlangoni,
anasubiri nimalize.