S Yenye Kofia

Ailsa Scott ana kadi saba mezani,
amezibana kwa kisahani cha chai
upepo wa dirishani, hapo Bellshill, usizivuruge.
Kadi saba, mtu mmoja.

Ya kwanza Šukaitis:
S yenye kofia, isomwe kama shavu, kama shoka.
Padri wa kijijini, Lituania, aliliandika Kipolandi, Szukajtis.
Karani wa mfalme wa Urusi akalivisha herufi za Kirusi.
Kisha bandari ya Leith: kofia ikadondoka majini,
hakuna aliyeinama kuiokota.
Sukatis. Shugatis. Sugget.
Na mwaka wa tatu wa karne, katika daftari la mishahara,
vumbi la makaa bado limeganda ukingoni,
Jonas Scott. Shilingi tano.

Katika lugha hii ninayoandikia
jina lile linaanza na amri: shuka.
Naye alishuka, kila alfajiri, katika kizimba cha chuma,
futi mia sita chini ya malisho ya ng'ombe wa watu,
asijue kwamba mahali fulani duniani
jina lake lilikuwa limeshamtuma.

Miaka kumi na mmoja Ailsa amemchukia karani wa mgodi.
Amemchora kichwani: masharubu, kalamu, haraka.
Herufi nane tu, bwana! Ungepungukiwa nini?

Mke wa Jonas hakuonekana popote.
Alimtafuta chini ya Scott, chini ya Sugget,
mpaka mwanamke mmoja wa Kaunas akamwandikia barua:
kwetu mke ana mkia wake, binti ana wake.
Šukaitienė. Šukaitytė.
Kumbe nyumba ina milango mitatu
na yeye siku zote amebisha ule wa mume.

Basi akaacha macho, akatumia sikio.
Alisimama jikoni, akalitamka kwa sauti
kama angelisikia mtu wa Lanarkshire
mwenye mafua, siku ya Jumatatu.
Shu-ka-i-tie-ne. Shugatini. Shugateni.
Jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, katika rejista ya vifo, akalikuta:
Sugarteny. Lenye sukari ndani yake.
Mama, Annie Sugarteny.
Aliyefariki, Magdalena, wiki sita, kifaduro.

Hakuna aliyewahi kumtaja.
Si bibi, si shangazi Netta aliyekuwa hafichi kitu.
Chini ya ukurasa, mtoa taarifa, baba, alama yake:
X.
Hiyo peke yake, kutoka Lituania hadi hapa,
haikukosewa tahajia.

Usiku ule usingizi ulimkataa.
Hakuwa akimfikiria Magdalena.
Alikuwa akifikiria kaunta ya kliniki ya meno,
miaka ishirini na sita aliyokaa nyuma yake,
na mgonjwa mmoja kutoka Eritrea, shavu limevimba,
aliyesema Tewelde,
akasema tena, Tewelde,
mara ya tatu akatabasamu, akaacha.
Foleni ilikuwa ndefu. Simu ilikuwa ikilia.
Aliandika Tuldy. Likabaki Tuldy mpaka faili lilipofungwa.

Karani hana masharubu.
Ana miwani yenye mkufu shingoni
na soksi za sufi, na sasa amekaa kitandani
taa imewashwa.

Mchonga mawe wa Motherwell hutoza kwa herufi.
Akauliza, marehemu anaitwaje?
Ailsa akachora kwa kidole juu ya vumbi la mezani:
S, na juu yake kofia iliyopinduka.
Mwishoni e, na nukta kichwani.
"Hiyo kofia nayo ni herufi?"
"Sijui."
Mzee akakuna sikio. "Basi kofia bure.
Na nukta."

Akamwandikia risiti, akaipuliza wino ukauke.
Nimepokea kutoka kwa Bi. Ailsa Scot.
T moja.

Ailsa akafungua mdomo.
Akaufunga.
Akaikunja risiti mara mbili, akaitia mkobani
pamoja na kadi zile nyingine.