Mshenga

Tandahimba, saa nane usiku, umeme umerudi.
Naandika tena: anwani, mlango, jina, nywila.
Kanzidata ya ushirika haisemi na mtu wa njiani;
hutaka mshenga ajuaye kubisha hodi
na kufunga nyuma yake akitoka.
Nimempakua mmoja kwa bando la mia tano.
Matumbo yake sijayasoma. Namwamini,
kama mposaji aaminivyo mdomo wa mwingine.

Mara tatu kakataliwa: nilikosea tarakimu ya mlango.
Ya nne, mstari mmoja ukashuka:

Somoe Nampunju. Korosho, kilo mia nne na kumi.
Malipo:

Nikadhani mshenga kameza neno.
Nikamtuma upya. Karudi vilevile,
mwaminifu, mikono mitupu.

Chumba cha pili mama anakohoa,
ananiuliza kama jina lake limetoka.