Mahali pa Tuta

Bi Sikudhani alinipa jembe kabla ya salamu.
"Bamvua ni leo. Maji hayasubiri karatasi yako."

Mimi ni mhesabu miti tu.
Nimetumwa Kitame, wilaya ya Bagamoyo,
na daftari, kamba ya mita kumi, penseli
(wino haushindani na chumvi),
niandike kilichosalia ndani ya hifadhi:
mlilana mbele kabisa, umetosa miguu;
mkoko nyuma yake, juu ya magongo yake;
msinzi na magoti yake; mkandaa mwembamba
uliosimamisha nyumba ngapi za pwani hii,
na ile niliyozaliwa mimi;
mkomafi, tunda lake kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa;
na mchu, unaotokwa jasho la chumvi majanini.
Ulambe, ujue.

Daftari halikuwa na safu
ya mdiria aliyepiga maji mara tatu akakosa,
wala tondo wanaopanda shina bamvua likija,
wala wayo wa kiboko uliojaa maji
na ndani yake kamba wanne, wadogo kuliko punje ya mchele,
wakidhani wamefika baharini.

Halafu msitu unakatika.
Hekta tatu nyeupe.
Hapa marehemu Pazi, mumewe, alikata,
akajenga tuta, akaipa bahari zamu ya kuingia na kutoka,
akavuna chumvi misimu kumi na moja.
Kisha hata chumvi ikagoma.

"Chumvi hiyo niliila," alisema. "Ilisomesha watoto wawili.
Usiandike kwamba alikuwa mwizi."

Sikuandika.

Wageni walikuja mwaka juzi, fulana mpya, miche elfu mbili.
Wakapanda mikoko kwenye ardhi iliyokufa kiu,
wakapiga picha,
wakaondoka kabla tope halijakauka miguuni.
Vijiti vingine bado vimesimama kwenye mistari,
kama wanafunzi ambao mwalimu amewasahau juani.
Yeye aliwaambia: mche si tatizo, tatizo ni maji.
Kwenye ripoti wamekosea jina lake.

Tukachimba tangu maji yalipoanza kupwa:
mimi, yeye, mjukuu wake Mbaraka,
na askari wa doria aliyetundika kofia yake kwenye kisiki.
Tuta lilikuwa gumu kama deni.
Alasiri, saa kumi, maji yakafika mlangoni,
yakasita, naapa yalisita,
yakaingia.

Bamvua la pili niliandika: miti, sifuri. Matundu ya kaa, thelathini.
La tano: miti, sifuri. Matundu yamenishinda.
La tisa: sifuri, na yangeyange mmoja
aliyesimama kama aliyelipa kodi.

Ofisini wakauliza fedha zimezaa nini.
Nikajibu: matundu.

Masika yakapita. Ruvu ikateremsha vyake:
magogo, kandambili, chupa, mbegu.
Jana nimepiga goti kwenye tope jeusi
linalonuka yai viza,
nikaona majani mawili manene,
ya kijani cha kiburi,
mahali ambapo hakuna mkono uliopanda kitu.
Kisha mengine. Nikasogea, nikahesabu kwa kidole,
nikarudia, maana macho hupenda kujifurahisha.
Saba.

"Nane," akasema Bi Sikudhani toka ukingoni,
pale tuta lilipokuwa.
"Mmoja umeukanyaga."

Nikainua buti.
Ulikuwa umelala ubavu, jani moja limekunjika,
mzizi mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea,
bado umeshika tope.
Hatukuugusa. Maji yalikuwa yanakuja.
Nikaandika nane,
nikaifuta,
nikaiandika tena, kwa kukandamiza kidogo.