Kamba ya Mafundo

Kamba hii ilikuwa ya kuanikia nguo.
Nimeifunga mafundo ishirini na moja,
kutoka fundo hadi fundo shubiri moja ya mkono wangu.
Baba aliitazama kama aliyeonyeshwa nyoka.
"Unapanda maharagwe, Obdulia, au unazika watu,
kila mmoja na kaburi lake?"

Don Crescencio alizaliwa wa saba
katika chumba kimoja nje ya Sombrerete,
miguu ya kaka kichwani, kichwa cha dada kifuani,
na jalidi ya Januari haikumpata.
Ndiyo maana hapendi udongo unaoonekana.
Ardhi tupu, asema, ni sahani tupu:
mgeni akiiona atauliza.
Yeye hupanda kwa wanda nne. Akisahaulika, tatu.

Tuligawana shamba kwa chokaa.
Kaskazini yake, kusini yangu.
Mbegu ileile nyeusi, gunia lilelile,
siku ileile ya Julai,
na kwenye nguzo ya uzio nikapigilia kopo la kahawa
ili mbingu nazo zitoe hesabu.

Mwaka wa kwanza kopo lilifurika.
Mvua ilifika kila alasiri kama mfanyakazi wa zamu.
Upande wa baba majani yalishikana
kabla magugu hayajaamka;
wangu ulikuwa na mapengo
kama kinywa cha mtoto wa miaka sita,
nami mapengo hayo niliyapalilia mara tatu.
Oktoba tukapura.
Yeye magunia kumi na manne,
mimi kumi na moja.
Hakusema kitu. Alinikatia kipande kikubwa cha jibini.
Hicho ndicho kilichouma.

Mwaka wa pili Julai iliahidi, Agosti ikakana.
Kanikula, wanaiita huku:
siku arobaini jua limesimama mlangoni
na halibishi hodi wala haliondoki.
Kopo: milimita nne.
Kopo: nyigu mfu.
Kopo: vumbi.
Maharagwe ya baba yakaanza kuangusha maua yake ya zambarau
kimyakimya, kama wageni wanaosema wameshiba
katika nyumba yenye mkate mmoja.

Nilichimba pande zote mbili, kwa kijiko.
Kwake mizizi ya miche mitano
iling'ang'ania unyevu usiojaa kiganja.
Kwangu mzizi mmoja ulikuwa umeteremka peke yake
hadi pale udongo ulipobaki mweusi.
Maganda yangu yalikuwa machache, lakini ndani mlikuwa na mtu:
mbegu tano, mara nyingine sita.
Yake bapa, bahasha zisizo na barua.

Magunia sita, mimi.
Yeye mawili na debe.
Nilitafuta jibini la kumkatia. Halikuwepo.

Nicanor, kaka yangu, alipiga simu kutoka Fresno,
yeye aliyepewa nafasi kuliko sisi sote.
Akauliza mavuno. Nikamwambia.
Akasema ana chumba chake mwenyewe sasa,
kina dirisha,
kisha akanyamaza muda mrefu kwa gharama yake.

Mwaka huu baba ameichukua kamba bila kuniomba.
Amepima shubiri yake juu ya yangu, akacheka:
"Mkono mdogo. Umewapunja hata hao wapweke wako."
Bondeni, maji yanakotuama, amepanda wanda nne
nami sikubisha.
Mteremkoni, kwenye changarawe na mipungate,
ameshika ncha moja, mimi nyingine,
fundo kwa fundo, mbegu kwa mbegu, wala hakutaja makaburi.

Mvua ikiwa nyingi, wabananishe;
ikiwa haba, waachanishe.
Hilo hata kuku wetu anajua.
Ila mbegu hutangulia, mvua hufuata,
na aliyetangulia haambiwi kitu.

Tumefika katikati, pale si bonde si mteremko.
Baba ameinama, konzi imejaa.
"Na hapa?" ameuliza. "Wanda ngapi?"

Nimetazama kopo.
Buibui amelifuma mdomo wote.