Kumi na Tano na Nusu

Wako saba, huku juu Mabatini,
kwenye upenyo wa mawe mawili makubwa kama nyumba.
Nimeziba kwa waya wa kuku, nikaufukia
mkono mzima ardhini, maana sungura ni fundi wa kuchimba
na kenge naye ni fundi.

Alfajiri namwaga maji yaliyolala,
nahesabu masikio, nagawa kwa mbili.
Matembele yenye umande siwapi.
Nayaanika kwanza juu ya jiwe, yanyauke,
la sivyo tumbo hujaa, na sungura hana kilio:
hukaa kimya mpaka kimya kimzidi.

Kisha Masalu akaniletea wa nane
ndani ya ndoo ya rangi. Jike la kijivu, sikio limechanika.
Nikamtia kundini papo hapo,
nikidhani upana wa banda ndio ukarimu.
Manyoya yaliruka.
Chapati, mpole kuliko wote, ndiye aliyeanza kung'ata.
Nilimtoa mgeni kwa kanga, moyo wake
ukienda kama cherehani kwenye kiganja changu.

Tangu siku hiyo yuko upande wa pili wa waya.
Kila jioni nabadilisha matandiko:
nyasi zao kwake, nyasi zake kwao,
mpaka harufu isahau ni ya nani.
Mchana wa jua kali nimewaona wamejilaza
ubavu kwa ubavu, waya kati yao.
Wiki ya tatu hii. Sina haraka tena.

Na wewe, Nkwimba, ni wiki ya tatu
tangu ushuke kwenye kivuko cha Kamanga
na begi la shule lisilofunga zipu.
Baba yako alisema, mwite mwanangu.
Nikakuita, mbele za watu, kwa sauti.
Hukuitika.
Unakula tukishamaliza, mlango umeurudisha nusu.
Sahani naikuta asubuhi, imeoshwa.

Leo mvua imetoka ziwani bila hodi.
Nimekimbilia turubai, nikalikuta limeshafungwa
kwa fundo ambalo huku kwetu hatulifungi.
Umechutama bandani, kanga yangu kichwani,
ile ambayo hukuiomba,
kidole kikipita hewani, kimoja kimoja.

"Kumi na tano," umesema, bila kugeuka.
"Kumi na tano na nusu."

Nimevuta ndoo, nikakaa.
Ndiyo, nimesema. Wametimia.